Mita Mbili na Nusu

Alhamisi ile ya mwezi wa tano, mwaka 1985, nyumba ya simu ya Makiso, mtaa wa katikati ya mji, ilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, na sasa uliporudi, kila mwenye jambo na Kinshasa, Bukavu au Ulaya alikuja kulisema kabla haujakatika tena. Wafanyabiashara wa kahawa waliketi juu ya mabegi yao. Mama mmoja alinyonyesha akiwa ameegemea ukuta, na joto lilikuwa la kugandisha shati mgongoni.

Nyuma ya kioo, Hadidja binti Yakubu alikuwa akichomoa na kuchomeka nyaya, visikizio vimembana masikio. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa mtaa wa Kabondo, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika mjini zamani pamoja na misafara ya pembe. Siku hiyo alikuwa amevaa kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano, blauzi ya kitambaa hichohicho imevimba mabegani, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi zikasimama kama taji. Rafiki yake Marthe, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa amekwisha kumwambia asubuhi kwamba mavazi hayo si ya kuvaliwa mbele ya nyaya.

Liège ilipoita, sauti ya mwanamke mpokea simu wa Ubelgiji ilimtaka Monsieur Cyprien. Lakini majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa na serikali katika karatasi zote miaka kumi na mitatu nyuma, na kitabuni hapakuwa na Cyprien yeyote. Hadidja akatafuta aliyejiandikisha kungoja Ubelgiji, akaita kwenye kipaza sauti, kwa lile neno la raia ambalo serikali ilimpa kila mtu: sitwayeni Osumaka, kabini ya pili.

Akainuka mwanamume mrefu, mwembamba, abakosti yake ya zambarau, koti lisilovaliwa na tai, imepauka viwikoni, viatu vyake vina tope la mtoni. Kifuani alikumbatia sanduku la mbao nyembamba. Kabini haikuwatosha yeye na sanduku, naye akakataa kuliacha nje, basi ikabidi mlango ubaki wazi na watu wakapata cha kuchekea.

Laini ilikuwa mbovu kwa namna ya ajabu. Hadidja alimsikia vizuri profesa wa Liège akiita docteur, docteur, na alimsikia Osumaka vizuri, lakini wao wawili hawakusikiana. Osumaka alisema allo mara nne. Kisha akageuka, akamtazama Hadidja kupitia kioo kwa macho ya mtu anayeona bac, kivuko cha mto, ikienda ng'ambo bila yeye. Sheria ya kazi ilikataza mpokea simu kuingia katika mazungumzo ya mteja. Hadidja akabonyeza kitufe.

"Docteur, sema tu," alimwambia. "Mimi nitamuambia."

Yakaanza hivyo. Profesa Delvigne aliuliza kwa Kifaransa cha haraka, Hadidja akarudia kabini. Osumaka akajibu, Hadidja akarudia Liège. Amepima mto mahali pangapi? Mahali elfu nne na mia mbili. Kwenye kona ya chini ya mji, maji yakiwa haba, kina ni kiasi gani? Mita mbili na nusu. Nyuma ya kisiwa? Mita kumi na moja. Na mchanga wa chini unahama? Unahama, mita arobaini kwa mwaka, kuelekea njia ya meli. Hadidja hakujua namba hizo zinakwenda kufanya nini huko, lakini alizibeba moja moja kama mtu anayepitisha mayai dirishani. Mwishoni profesa akamwuliza yeye mwenyewe jambo, naye akalijibu bila kumgeukia Osumaka, na huko Liège mzee akacheka.

Saa nane, zamu ilipokwisha, Osumaka alikuwa bado ngazini, amekalia sanduku lake.

"Kuna kitu ulisema na mimi nilikuwa nimenyamaza," alimwambia. "Ulisema nini?"

"Aliniuliza uko mutu wa namna gani."

"Na wewe ukajibu?"

"Mutu akiuliza, anajibiwa. Nilimuambia uko mutu mwenye hawezi kuacha sanduku yake inje."

"Umenijua dakika makumi ine tu."

"Makumi ine na moja. Niliandika ku kitabu."

Ndipo akamfungulia sanduku. Ndani kulikuwa na mto, lakini mto uliokaushwa: sakafu yake tu, iliyojengwa kwa vipande vya mbao vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka nusu mita ya kina. Alimweleza kwamba ramani ya kawaida ina urefu na upana basi, na mto hauzamishi meli kwa urefu wala kwa upana. Yeye alitaka pande tatu. Miaka minne nyuma alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na shahada ya udaktari, kwa kuwa serikali iliyomsomesha ilimtaka arudi, na katika ofisi aliyopewa hapakuwa na mashine hata ya kujumlisha, ndiyo sababu alikata mto wake kwa msumeno. Huko Liège walikuwa na kompyuta iliyoweza kuugawa mto mzima kuwa vijisanduku maelfu, na kuhesabu maji yanavyopita katika kila kimoja, mpaka ukajua leo mchanga utaziba wapi mwaka kesho. Kazi waliyotangaza ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupata udaktari, ya miaka miwili, kuujenga mto katika pande tatu na kutofanya kitu kingine chochote.

Hadidja aliuliza mahali pa kuvukia kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, ni wapi. Osumaka akamwonyesha. Akaweka kidole, na kidole kikaingia chote.

"Mimi napitaka juu ya shimo hii tangu niko mutoto," alisema.

"Na ilikubeba siku zote," Osumaka akajibu, na jinsi alivyomtazama, Hadidja akafunga kifuniko mwenyewe.

Baada ya hapo simu ya ofisi ya Osumaka ikawa inalia kwenye meza ya Hadidja kila siku kabla ya saa sita. Allo, angesema, ninamutafuta mutu mwenye anasemaka mahali yangu. Hadidja angemjibu kwa sauti ya kazi kwamba laini imeshikwa, ajaribu tena kesho, halafu asikate. Marthe alikuwa akigeuza uso ukutani na kutikisika mabega kwa kicheko. Ijumaa walikunywa soda chini ya baraza la duka la Mgiriki. Jumapili walikwenda mtoni, katika pirogue, mtumbwi wa Léon, binamu yake Osumaka kutoka Isangi, chini ya mto, aliyekaa nyuma na kasia na kujifanya haoni wala hasikii. Osumaka alitupa kamba yenye jiwe na mafundo, akasoma fundo lililolowa, akataja. Hadidja akaandika daftarini. Mita tatu. Tatu na nusu. Sita. Kikwembe chake kililowa mpaka magoti, jua likamwunguza pua, na kufikia saa tisa alikuwa akizijua namba kabla hazijatajwa, kwa kutazama tu mkono wa mwanamume ule unavyoiachia kamba.

"Mupenzi," Osumaka alimwambia siku moja katikati ya namba mbili, bila kubadili sauti, na Hadidja akaanza kuliandika.

Telegramu ya Liège ilifika mwisho wa mwezi wa sita. Amekubaliwa, aanze tarehe mosi mwezi wa kumi. Ni Hadidja aliyeipokea, akaibandika kwenye karatasi, akavuka Makiso kwa miguu kuipeleka mwenyewe. Osumaka aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Alisema atatangulia, na kabla mwaka haujaisha atamwita. Hadidja alisema ndiyo. Wote wawili walijua kwamba kutoka Zaire hakukuwa kama kutoka nyumbani: palihitajika ruhusa ya kutoka, na ruhusa ilihitaji mihuri saba, na kila muhuri ulikuwa na mwenyewe. Kwa mtu mmoja ilikuwa shida, na kwa watu wawili ilikuwa ndoto. Hata hivyo Osumaka akapeleka karatasi zake, na mwezi wa saba ukaanza kupita.

Juu ya nyumba ya simu kulikuwa na chumba kisicho na namba. Kila mfanyakazi alijua kwamba humo alikaa mtu mwenye visikizio kama vyao, aitwaye Lotika, na hakuna aliyeuliza mshahara wake unatoka ofisi gani. Karatasi za Osumaka zilipofika mahali fulani, mahali hapo paliuliza ni nani amekuwa akisema na Ubelgiji, na Jumatatu moja Lotika akatuma mtu amwite Hadidja.

Alikuwa mtu wa upole. Alimpa kiti, akamwuliza habari za papa Yakubu, fundi seremala, akasifu milango yake. Kisha akamsomea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba docteur Osumaka alimlazimisha yeye, Hadidja, kumpa mgeni wa nje vina vya mto, ambavyo ni siri ya ulinzi wa taifa. Lotika mwenyewe siku ile alikuwa amesikia mto, kina, Ubelgiji. Namba hakuzikamata, laini ilikuwa mbovu.

"Unatia sinyatire hapa," alisema, akionyesha mahali pa sahihi, "unarudi ku kazi."

Hadidja aliuliza, na asipotia?

"Alors, muko wawili. Yeye alisema, sitwayeni, lakini ni mudomo yako njo ilifika Ulaya."

Feni ilikuwa ikizunguka polepole juu yao. Hadidja alihisi jasho likimteremka nyuma ya magoti. Alijua ofisi ambamo watu waliingia na karatasi kama ile, na alijua kwamba nusu yao hawakutoka kwa mlango waliouingilia. Akafikiri haraka kuliko alivyopata kufikiri maishani. Halafu akaomba karatasi tupu.

Akaandika kwa mkono wake kwamba siku ile hakusikia kitu. Kwamba aliona haya kuwaambia wateja hasikii, akaogopa kulaumiwa na mkubwa wake, basi namba zote alizomwambia Mbelgiji alizitoa kichwani mwake. Hakuna kina cha kweli hata kimoja kilichovuka. Akatia sahihi.

Lotika aliisoma mara mbili, na mara ya pili alitabasamu.

"Wewe uko muongo," alisema. "Shida ni moja: sijue ulidanganya siku gani." Aliiweka karatasi katika droo. "Nikipata namba moja tu ya kweli yenye ilitoka mu mudomo yako, hii karatasi itawafunga wote wawili. Na usimuambie mutu kitu ingine kuliko ile umeandika. Hata yeye."

Siku mbili baadaye alifukuzwa kazi kwa kosa la kuwadanganya wateja. Na kwa kuwa Lotika alipenda kazi yake ikamilike, Osumaka naye aliitwa, akaonyeshwa karatasi.

Alifika Kabondo saa kumi mchana, ameloa jasho. Katika kiwanja cha papa Yakubu kulikuwa na mpangaji mmoja, Lisimo, kijana wa chama, ambaye kila siku alikaa mbele ya mlango wake akitengeneza redio ambayo haikupata kupona. Kila mtu alijua masikio yake yalikuwa ya nani. Hadidja alikuwa akianua nguo. Osumaka hakumsalimu.

"Wamenionyesha karatasi yenye mukono yako."

"Njo mukono yangu."

"Zile namba, Hadidja. Ulizitoa ku kichwa?"

Hadidja alitazama bisibisi ya Lisimo. Ilikuwa imesimama.

"Nilizitoa ku kichwa."

"Zote?"

"Sikusikia muzuri. Niliona haya."

Osumaka alimtazama kama aliyeachia kamba isiyofika chini. Alisema polepole kwamba basi kazi ile wamempa mtu mwingine, mtu ambaye hayupo, na wakamwandikia jina la Osumaka. Akasema pia kwamba miezi miwili amekuwa akifurahi kwa kitu ambacho hakikuwa chake. Hakupandisha sauti. Hadidja aliendelea kukunja shuka lilelile mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono, akijiambia kwamba Jumapili atamfuata mtoni, katikati ya maji, mahali ambapo hapana redio, na atamwambia yote.

Jumapili ilikuwa mbali mno. Ijumaa Marthe alikuja na khanga kichwani kama mtu wa msibani. Osumaka alikuwa amekuja nyumba ya simu asubuhi, akapeleka telegramu Liège kwamba majibu ya ile simu hayakuwa yake, na kwamba anafuta ombi lake. Kisha akapanda pirogue ya Léon kwenda Isangi, kupima mto kwa mwezi mzima au zaidi. Marthe alimwuliza Hadidja ni kwa nini alifanya vile, kubuni namba za watu. Hadidja akajibu kwamba alikuwa amechoka siku ile.

Alikuwa amemwokoa mpenzi wake mikononi mwa Lotika. Hakukumbuka kwamba pia alipaswa kumwokoa mikononi mwa Osumaka mwenyewe, mtu asiyeweza kula hata andazi ambalo hakulinunua.

Mwezi wa nane ukawa kama chumba kisicho na dirisha. Kazi ya serikali hakuna tena. Jina la aliyefukuzwa kwa kosa la uongo halikubaliki popote. Alianza kukaanga mikate pamoja na shangazi yake karibu na bandari, akiinama juu ya mafuta tangu alfajiri, moshi ukimkaa katika vikwembe vyake vyote mpaka ndege wa manjano wakawa wa kahawia. Barua kwenda Isangi zilisomwa njiani. Simu ndiyo usiseme. Akisafiri mwenyewe, Lisimo angejua kabla meli haijang'oa nanga. Kilichomuuma zaidi ni baba yake. Papa Yakubu alikuwa amewaambia watu wote wa msikitini kwamba binti yake anasema na Ulaya. Sasa alipita uani akiangalia randa yake, na hakumwuliza kitu, kwa kuwa mtu haulizi mahali anapoogopa jibu. Hadidja angeweza kumwondolea aibu ile kwa sentensi moja. Sentensi hiyo hakuwa na pa kuisemea.

Tarehe kumi na nane ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, mtu alikaa kwenye benchi mbele ya sufuria yake. Ndevu zilikuwa zimemwota, shati la kaki limepasuka begani, macho yamekuwa mekundu kwa jua la mtoni. Hadidja alifikiri ni abiria wa meli, akamwuliza anataka mikate mingapi.

"Soma," Osumaka alisema, akamnyooshea bahasha.

Ilikuwa imefika Isangi mkononi mwa padri aliyetoka likizo Ubelgiji. Haikupita posta, hakuna aliyeifungua. Profesa Delvigne aliandika kwamba hakuielewa telegramu ile hata kidogo. Alikuwa ametunza maandishi yake ya siku ya simu, na alimwomba docteur amwonyeshe kosa liko wapi. Akaorodhesha: mahali elfu nne na mia mbili, kwenye kona, mita mbili na nusu, nyuma ya kisiwa, kumi na moja, mchanga, mita arobaini kwa mwaka. Kama hakuna kosa, nafasi ingali yake hadi tarehe mosi mwezi wa kumi. Baada ya siku hiyo itakwenda kwa Mwitaliano aliye wa pili katika orodha. Chini yake, sahihi na muhuri.

Hadidja aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka juu ya paja lake. Shangazi yake alikuwa amekwenda kuteka maji. Meli ilipiga honi bandarini na watu wakaanza kukimbia na mizigo.

"Hukubuni hata moja," Osumaka alisema.

"Hapana."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Lisimo alikuwa pale. Na Lotika alisema akipata namba moja ya kweli, tunafungwa wote." Aligeuza mikate ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Ningekuambia Jumapili. Weye hukungoja Jumapili."

Osumaka alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema wiki sita alikuwa akitupa kamba mtoni na kila fundo lilimwambia kwamba mwanamke yule ni mwizi wa maneno yake. Na ule usiri wote wa Hadidja, na mikate hii, na moshi huu, vilikuwa kwa ajili yake yeye. Aliomba msamaha mara moja tu, kwa sauti ya chini, na Hadidja akaona kwamba anaumia kweli, akamsamehe kabla hajafika mwisho wa neno. Lakini hakumwambia upesi. Aliona ana haki ya kumwacha angoje kidogo.

Kisha wakaanza kufikiri kama watu wawili waliofungiwa, kila mmoja akigonga ukuta wake. Ofisi ya ruhusa ilitaka barua ya kazi, nzima, ya asili. Ile telegramu ya kwanza Osumaka alikuwa ameifuta mwenyewe, na nakala ya kuifuta ofisi ilikuwa nayo. Barua mpya isingefika kwa siku kumi na tatu. Hadidja aliuliza kama hawawezi kuikata karatasi. Wakaifunua juu ya benchi. Ahadi ya kazi ilikuwa juu, sahihi na muhuri vilikuwa chini, na katikati, kwa wino mweusi, zilikaa zile namba nne. Ukiipeleka barua, umempelekea Lotika mdomo wa Hadidja.

"Ipeleke," Hadidja alisema. "Mimi kazi wamekwisha kuninyanganya."

"Kuna gereza."

"Labda hawatasoma."

"Watasoma. Ile ni kazi yao."

Alisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye mstari wa juu, pale palipoandikwa kujenga mto katika pande tatu, na Hadidja aliyaona yanavyousoma, tena na tena, kama mtoto wa shule mbele ya dirisha la duka. Ilimchoma kuliko karatasi ya Lotika. Osumaka akasukuma barua upande wake.

"Iko yako," alisema. "Weye njo unajua utafanya nayo nini."

"Hapana, Cyprien." Lilikuwa jina alilomwita wakiwa mtoni tu. "Hiyo hutaniwekea. Nikiichoma mimi, siku moja utaamuka na miaka makumi tano, utaniangalia ku meza, utasema: ni huyu. Nikiipeleka, nimejifunga mwenyewe. Kama unaenda, enda. Kama unabaki, ubaki na mukono yako mwenyewe. Mimi nilikwisha kufanya ya kwangu."

Alisimama, akaenda kumsaidia shangazi ndoo ya maji, makusudi, na hakugeuka nyuma. Ndoo ilikuwa nzito, walitembea taratibu. Njiani shangazi alimwuliza kama yule ni mteja. Hadidja akasema hajui bado.

Aliporudi, Osumaka alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lao la makaa. Karatasi ilikuwa tayari imejikunja juu ya makaa, chini ya sufuria, na wino wa muhuri ulitoa moto wa buluu kidogo kabla ya kuwa mweusi kama uliobaki. Vidole vyake vilikuwa vimeungua nchani. Aliishika mpaka mwisho. Shangazi aliuliza kwa nini mteja anapika.

"Nitume wazee lini?" Osumaka aliuliza, bado amechuchumaa.

"Ni juu ya huruma?"

"Huruma ninayo ya mimi mwenyewe tu, chérie. Ile ya kwako sina."

Hadidja akakaa kwenye kigoda chake. Aliuona mkono ule ulioungua, akauchukua, akautia katika maji ya ndoo, akaushikilia humo chini ya maji muda mrefu, mbele ya bandari nzima.

"Papa anasalishaka Ijumaa," alisema mwishoni. "Wakuje Jumamosi. Na unyoe hizo ndevu."

Kuwakusanya kulichukua wiki tatu, wakaja Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, Mwitaliano akiwa amekwisha kuanza kazi huko Liège. Léon aliwaleta wazee watatu kutoka Isangi, pamoja na mbuzi na mikungu miwili ya ndizi. Waliketi uani kwa papa Yakubu, kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe, watu wa msalaba upande huu na watu wa msikiti upande ule, wakitazamana kwa adabu. Mambo ya dini yalizungumzwa kwa saa nzima bila mtu kukasirika, na kila upande ukaacha kitu. Lisimo alivuta redio yake karibu kidogo.

Ndipo papa Yakubu akamgeukia Osumaka. Alisema kwa utulivu kwamba kuna jambo moja tu analotaka kulisikia. Mjini wanasema huyu docteur alipata kazi kubwa Ulaya, kazi ya mashine na akili, na hakwenda. Naye hawezi kumwoza binti yake kwa mtu aliyekimbia kazi.

"Nieleze, mutoto wangu. Ulibakia juu ya nini?"

Nyuma ya pazia la mlango, Hadidja alisimama na sinia ya chai, vikombe kumi na kimoja, na aliona bisibisi ya Lisimo imesimama.

Osumaka aliangalia mikono yake. Vidole viwili vilikuwa vimeota ngozi mpya, laini, nyekundu.

"Nilikosa karatasi, papa," alisema.

Watu wote wakacheka, wa Isangi na wa Kabondo pamoja, maana hapakuwa na mtu katika uwanja ule ambaye hakuwahi kukosa karatasi. Mzee mmoja alicheka mpaka akajifuta macho, na hata Lisimo akaunga. Papa Yakubu naye akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema nchi hii ni hivyo, basi tuendelee.

Hadidja hakucheka. Alihesabu vikombe upya, kumi na kimoja, kisha akasukuma pazia kwa bega, akatoka kuwapa wageni chai.